Kufuli linalinda njia, si mtu

Ukifungua tovuti kwenye simu, huenda ukaona kufuli dogo kando ya anwani. Wengi wakiliona tu wanajaza fomu.

Kufuli hilo linalinda njia. Unachoandika kinafungwa kikiwa safarini, hata mwenye Wi-Fi ya kibandani asikisome. Ni kazi nzuri! Zamani mwenye tovuti mara nyingi alinunua cheti cha kuwekewa kufuli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walikuwa kati ya walioanzisha Let's Encrypt, na tangu 2015 inatoa vyeti bure.

Basi tapeli naye anapata bure. Kufuli halikuambii nani amekaa upande wa pili.

Mama, kijana, ukitumiwa "fomu ya Kanada", soma anwani herufi kwa herufi. Ya UNHCR ni unhcr.org, ukiona neno limebandikwa katikati, acha. Ukiombwa pesa, hata kidogo, funga: kupelekwa nchi ya tatu hakulipiwi. Ujumbe huo uonyesheni kwenye ofisi ya ulinzi kabla hamjaandika namba ya familia.