Rozimeri Katika Bustani ya Ndithini

Leo tunazungumzia rozimeri, kichaka chenye majani membamba ya harufu kali, kinachobaki kijani mwaka mzima. Asili yake ni nchi za Bahari ya Mediterania, ambako kiangazi ni kikavu. Ndiyo maana jua letu haliisumbui. Kinachoiua ni maji kutuama mizizini.

Kwa hiyo, mama au baba mwenye udongo mzito, inua tuta kwanza, uchanganye na mchanga. Usihangaike na mbegu. Huchelewa kuota, na nyingi haziamki kabisa. Omba tawi changa kwa jirani, kata vipande vya sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya nusu ya chini, kisha chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Mizizi hutoka baada ya wiki kadhaa.

Hamishia bustanini mvua za vuli zikianza Oktoba. Hapa Ukambani hizo ndizo za kutegemewa kuliko za Machi. Miezi ya mwanzo mwagilia kiasi. Maji ya kuoshea mboga yanafaa. Samadi isizidi, maana majani yatanenepa huku harufu ikipungua. Na unapochuma kwa ajili ya nyama ya mbuzi, kata ncha za kijani tu. Ukikata hadi kwenye mti mgumu usio na majani, tawi hilo aghalabu halichipui tena.

Anza kuchomeka vipande vyako Agosti, ili mvua ikukute na miche tayari.