Wasii Akichoka, Atoke Vipi?



Ndugu zangu, vijana na wazazi mliohudhuria. Mwezi huu tunatoa zaka, tunafuturisha watu, alhamdulillah. Lakini ziko mali za marehemu zimelala miaka na miaka kwa sababu wasii amechoka na hataki kusema. Kodi ya nyumba haijulikani inakwenda wapi, mayatima wanarudishwa nyumbani kwa karo. Ukimuuliza, "Ah, mimi nishajitoa." Umejitoa mbele ya nani?

Uwasii si kifungo. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, wasii anaweza kujiuzulu hata baada ya mwenye wasia kufariki, ila asitoke akijua kuwa mali itapotea au itaporwa na dhalimu. Mahanafi ni wakali zaidi: ukikubali na mtu akafa, hutoki ila kwa kadhi. Na Mtume (s.a.w.) alimkataza Abu Dharr kusimamia mali ya yatima, kwa kuwa alimwona dhaifu wa jambo hilo. Abu Dharr, sahaba mkweli yule! Basi kukataa kuna aibu gani?

Serikalini je? Mafungu yetu ni ya Qur'ani, lakini katika usimamizi wa mali, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inatugusa pale isipopingana na dini. Kifungu cha 59 kinamruhusu aliyetajwa katika wasia kukataa, kwa kutamka mbele ya mahakama au kwa maandishi yenye sahihi yake. Lakini ukikataa umekataa, huji kesho kuomba tena. Na ukiwa ushapewa hati ya usimamizi, barua haitoshi. Mahakama iliyoitoa ndiyo itakayoifuta na kumpa mwingine. Mahakama ya Kadhi inasikiza mirathi chini ya ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, pande zote zikiwa ni Waislamu na zimeridhia kwenda huko.

Sasa, tunapoharibu sana ni kwenye makabidhiano. Mtu anampa shemeji yake funguo, basi, kamaliza! Hapana. Uwasii haugawiwi barazani. Toka na daftari: nyumba ngapi, kodi iliyoingia, iliyotumika na kwa nini, madeni ya marehemu yaliyolipwa na yaliyobaki, maana deni hutangulia wasia na mafungu. Weka hapo hati za shamba, kitabu cha benki, risiti. Suratun-Nisaa, aya ya 6, imeamrisha mashahidi wakati wa kuwakabidhi mayatima mali yao. Shahidi huyo anakulinda na wewe, kesho usiambiwe umekula. Na mpaka apatikane wa kupokea, mali bado iko mkononi mwako.

Nanyi warithi, mzee akisema ameshindwa, msimpigie makelele, mtamfanya afiche. Kaeni naye siku hizi za Ramadhani, mhesabu pamoja, mkubaliane nani atashika. Mahakama zikifunguliwa baada ya Idd, mwende naye, daftari mkononi.

Wabillahi tawfiq.