Foleni ya mashine za figo ipangwe wazi



Leo ni ile foleni ya kusafisha damu katika hospitali za serikali. Mashine ni chache, wagonjwa ni wengi, hilo halina ubishi. Swali ni nani anapangwa kesho, nani anaambiwa arudi, na nani aliyeamua.

Kesi kama hii ilifika Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini mwaka 1997. Bwana Soobramoney wa Durban, miaka 41, hana kazi, na pesa za hospitali ya kibinafsi zimemwishia. Hospitali ya umma ya Addington ilikuwa na mashine 20 tu, nyingine mbovu mbovu, ikamkataa. Alishindwa kesi, na muda mfupi baadaye akafariki. Inauma. Lakini angalia kilichoiokoa hospitali ile: ilikuwa na kanuni zilizoandikwa. Wanaotangulia ni wale ambao figo zao zaweza kupona, au wanaofaa kuwekewa figo nyingine. Na hakuna aliyedai mahakamani kwamba kanuni zile zilitumiwa kwa upendeleo.

Sasa sisi je? Mgonjwa anaambiwa "mashine zimejaa", basi. Hajui ni wa ngapi. Kisha mwingine anapigiwa simu na mheshimiwa, nafasi inapatikana jioni hiyo hiyo! Jameni, huo uhaba ni wa nani? (Wauguzi msiwagombeze, wengi wao wanapokea amri tu.)

Katiba yetu, Kifungu cha 20(5), inasema serikali ikidai haina rasilimali, ni juu yake kuonyesha kwamba kweli hazipo. Na inapogawa, iangalie hali ya wanyonge. Kifungu cha 43(2) nacho kinasema matibabu ya dharura mtu hanyimwi.

Kwa hivyo usiende kugombana dirishani. Andika barua kwa msimamizi wa hospitali, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Uliza mashine ngapi zinafanya kazi, foleni inapangwa kwa kanuni gani, na nani ana ruhusa ya kuibadilisha. Wana siku 21 za kujibu. Habari ikihusu uhai wa mtu, ni saa 48, kwa hivyo taja hilo kwenye mstari wa kwanza kabisa. Beba nakala mbili, moja ipigwe muhuri na tarehe, urudi nayo nyumbani.