Maswali Juu ya Mji wa Philadelphia, na Moja Nililojibu Vibaya

(Hotuba iliyosomwa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Mara ya mwisho niliposimama katika bwalo hili ilikuwa mwaka 2001. Nilikuwa nimerudi kutoka Marekani, ambako nilikaa miaka miwili nikisoma katika mji wa Philadelphia. Nilizungumza juu ya mji huo, kisha nikaulizwa maswali mpaka kengele ya chakula ikalia. Leo Mwenyekiti ameniomba nirudie mazungumzo yale kwa ajili ya vijana wapya. Nimekubali kwa furaha, lakini nina sababu yangu nyingine pia. Siku ile kijana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza swali, nami nikampa jibu lisilo la kweli. Sikukusudia kumdanganya. Sikujua, na badala ya kusema sijui nikajibu kama mjuzi. Nitalifikia swali lake mahali pake. Kwanza nijibu yale ambayo kila mtu huuliza.

Wengi huuliza kama Philadelphia ndio mji mkuu wa Marekani. Sio, ingawa uliwahi kuwa. Tangu mwaka 1790 hadi 1800 Serikali ilikaa pale ikingoja mji wa Washington ujengwe. Wala sio makao makuu ya jimbo lake la Pennsylvania; hayo yako Harrisburg tangu mwaka 1812, mji ambao kwa ukubwa haufikii hata mtaa mmoja mkubwa wa Philadelphia. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha wakazi milioni 1.6, nao ukawa wa sita kwa wingi wa watu katika nchi nzima.

Jina lake ni la Kigiriki, na maana yake ni mapenzi ya ndugu. Aliyelichagua ni Mwingereza William Penn, aliyeuanzisha mji mwaka 1682. Penn alikuwa mfuasi wa madhehebu ya Marafiki, wale wanaoitwa Quaker, ambao jirani zetu wa magharibi ya Kenya wanawajua vizuri tangu misheni ya Kaimosi ilipoanzishwa mwaka 1902. Kwao Uingereza alikuwa amefungwa gerezani kwa ajili ya imani yake, kwa hiyo alitaka mji ambamo kila mtu angemwabudu Mungu apendavyo. Aliupima mji kwa barabara zilizonyooka kama mistari ya daftari: za upande mmoja zina namba, za upande wa pili nyingi zina majina ya miti. Mgeni hawezi kupotea ila kwa kutaka mwenyewe. Sanamu ya Penn imesimama juu kabisa ya jengo la halmashauri ya mji, na kwa muda mrefu ilikuwa desturi kwamba pasijengwe jumba refu kupita kofia yake. Desturi hiyo ilivunjwa mwaka 1987, na sasa mzee wa watu amezungukwa na maghorofa yanayomtazama kwa juu.

Sasa niingie katika kengele, maana hiyo ndiyo huulizwa kuliko yote. Kwa nini kengele yenye sifa duniani kote imepasuka, na kwa nini Wamarekani, pamoja na mafundi na mali zao zote, hawaitengenezi?

Kengele ile iliagizwa kutoka London mwaka 1751 kwa ajili ya jengo la baraza la jimbo. Ilifika mwaka 1752, ikajaribiwa, ikapasuka papo hapo. Mafundi wawili wa pale mjini, Pass na Stow, wakaiyeyusha na kuisubu upya. Watu hawakuupenda mlio wake, wakaisubu tena, na mwaka 1753 ikapandishwa mnarani. Uzito wake unakaribia tani moja. Ikafanya kazi miaka mingi, na katika karne ya 19 ikapata ufa mwembamba. Mwaka 1846 walitaka kuipiga siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa George Washington. Mafundi wakaupanua ule ufa makusudi, ili kingo zake zisigusane wakati wa kulia. Kwa hiyo pengo lile pana mnaloliona katika picha ni kazi ya fundi aliyekuwa akijaribu kuponya. Siku hiyo ikalia, kisha ufa wa pili ukapanda juu, na tangu hapo ikanyamazishwa. Kengele yetu sisi, ile rimu ya lori iliyoning'inia mwembeni, imepigwa tangu kabla sijafika hapa na haijapata hata mkwaruzo. Lakini hakuna mtalii aliyekuja kuiona.

Mtasikia pia kwamba kengele hiyo ililia tarehe 4 Julai 1776, siku ulipopitishwa waraka wa kujitenga na Uingereza, ambao kwa Kiswahili tunauita Azimio la Uhuru. Hakuna ushahidi wa jambo hilo. Hadithi ile ilienezwa na mtunzi mmoja wa riwaya mwaka 1847. Azimio lenyewe lilisomwa hadharani siku nne baadaye, tarehe 8 Julai. Wakati ule kengele haikuwa na jina la fahari. Iliitwa tu kengele ya jengo la baraza. Walioipa jina la Kengele ya Uhuru, katika miaka ya 1830, ni watu waliokuwa wakipinga utumwa. Waliona maneno yaliyochorwa juu yake, yaliyotolewa katika Mambo ya Walawi sura ya 25, yanayoagiza watu wote wa nchi watangaziwe uhuru, wakasema: basi na watangaziwe wote.

Na hapa ndipo kijana yule aliponyosha mkono. Akaniuliza: "Siku ile walipokuwa wanaandika Azimio kwamba watu wote wameumbwa sawa, watu weusi walikuwa wapi?"

Nilimjibu kwamba walikuwa mbali, huko majimbo ya kusini, katika mashamba ya tumbaku na mpunga, na kwamba Philadelphia ulikuwa mji wa Marafiki uliouchukia utumwa. Akakaa chini. Wenzake wakapiga makofi.

Jibu la kweli ni kwamba walikuwa mle mle nyumbani. Aliyeandika Azimio ni Thomas Jefferson, naye aliliandika mwezi Juni mwaka 1776 katika vyumba alivyopanga kwenye nyumba ya matofali pale pembeni mwa barabara ya Market na ya Saba. Alikuwa na mtumishi aliyetoka naye kwao Virginia, Robert Hemings, mtumwa wake, kijana wa miaka 14. Huyo ndiye aliyekuwa akimhudumia. Wanahistoria wengi hukubali kwamba kijana huyo na mke wa Jefferson walikuwa watoto wa baba mmoja. Kwa hesabu yetu sisi, basi, Robert alikuwa shemeji yake. Jefferson anaandika habari za usawa wa watu, na shemeji yake, ambaye ni mali yake, anamwandalia nguo. Katika rasimu yake Jefferson alitia maneno makali ya kuilaani biashara ya watumwa, akimtupia lawama Mfalme wa Uingereza. Wajumbe wenzake wakayafuta. Robert Hemings alipata uhuru wake mwaka 1794, miaka kumi na minane baada ya kiangazi kile.

Kijana aliyeniuliza alikuwa na umri uo huo. Nilipoyasoma haya miaka michache baadaye, nilimkumbuka yeye kabla ya kumkumbuka Jefferson.

Nilikosea pia juu ya Marafiki. Ni kweli kwamba baadhi yao, pale Germantown, waliandika waraka wa kuupinga utumwa tangu mwaka 1688, na wengi walikuja kuufuata. Lakini Penn mwenyewe alimiliki watumwa. Mwaka 1780 jimbo lilitunga sheria ya kuufuta utumwa, lakini polepole mno: aliyekuwa mtumwa aliendelea kuwa mtumwa, na mtoto atakayezwaliwa na mama mtumwa baada ya hapo atumike mpaka atimize miaka 28. Sheria hiyo ilikuwa na kifungu kingine. Mgeni akikaa na watumwa wake jimboni zaidi ya miezi sita, wao wana haki ya kudai uhuru.

Kifungu hicho kilimkuta Rais. George Washington alikaa Philadelphia tangu mwaka 1790 hadi 1797 katika nyumba iliyokuwa barabara ya Market karibu na ya Sita, na kwa nyakati mbalimbali alikuwa nao watumwa tisa kutoka shambani kwake Virginia. Alipoonywa juu ya ile miezi sita, akawa anawatoa nje ya jimbo kabla muda haujatimia, hata kama ni kwa siku chache, kisha wanarudishwa na hesabu inaanza upya. Alimwandikia katibu wake kwamba jambo hilo lifanywe kwa kisingizio, wasitambue wao wala watu wa mjini. Na sheria ya mwaka 1788 ilikuwa imekwisha kukataza ujanja wa namna hiyo hiyo.

Miongoni mwa hao tisa alikuwamo msichana Oney Judge, mtumishi wa mke wa Rais. Alisikia kwamba atapewa mjukuu wa bibi yake kuwa zawadi ya arusi. Jioni moja ya Mei mwaka 1796, wakati jamaa ya Rais wako mezani wanakula, alitoka mlangoni akaenda zake. Vitu vyake alikuwa amekwisha kuvipeleka kwa rafiki zake, Weusi wa mjini. Tangazo likatoka gazetini: zawadi ya dola kumi kwa atakayemrudisha. Yeye alikuwa amepanda meli kwenda Portsmouth, huko New Hampshire. Washington alimtuma ofisa wa forodha amrudishe, akashindwa. Mwaka 1799 akajaribu tena, akashindwa tena. Oney aliolewa na baharia, akazaa, akaishi maisha ya dhiki, akafariki mwaka 1848 akiwa bado mtumwa kwa mujibu wa sheria. Katika uzee wake waandishi wa magazeti walimuuliza kama hakujutia kuiacha nyumba ya Rais. Alisema hakujuta.

Wakati mimi nasoma pale, mahali palipokuwa na nyumba ile palikuwa na vyoo vya wageni. Nasema kweli, nami nimevitumia, nikitoka kuitazama kengele. Hapakuwa na kibao cha kunieleza habari hii. Jengo jipya la kengele lilifunguliwa mwaka 2003, hatua chache tu kutoka walipokuwa wakilala watumwa wa Rais, na wananchi, Weusi hasa, wakadai historia ile isifukiwe tena. Mwaka 2007 msingi wa nyumba ulichimbuliwa, na mwaka 2010 ukafunguliwa pale ukumbusho wenye majina ya wote tisa.

Lakini, vijana, msiende mkidhani kwamba Weusi wa Philadelphia walikuwa watumwa na watoro tu. Mji huo ulikuwa na maelfu ya Weusi huru. Richard Allen, aliyezaliwa mtumwa akajinunua mwenyewe, pamoja na Absalom Jones, waliunda chama cha kusaidiana mwaka 1787, kwa namna ya hivi vyama vyetu vya kuzikana. Mwaka 1793 homa ya manjano iliuvamia mji. Watu kama 5,000 walikufa katika miezi michache, takriban mmoja katika kila kumi. Matajiri walikimbia, na Serikali nayo ikakimbia. Daktari mashuhuri Benjamin Rush alidhani kwamba ugonjwa ule haumshiki mtu mweusi, akawaomba Allen na Jones walete wauguzi. Wakawaleta. Waliuguza, walibeba maiti, walizika, na mamia ya Weusi wakafa, maana ugonjwa haukuchagua rangi. Ulipokwisha, mchapishaji mmoja aliandika kwamba wauguzi Weusi walijitajirisha na kuiba. Allen na Jones hawakunyamaza. Mwaka 1794 walichapa kijitabu chao, wakaonyesha hesabu shilingi kwa shilingi: walichopokea, walichonunulia majeneza, na walivyobaki na hasara. Mwaka uo huo kanisa la Allen, Bethel, lilifunguliwa barabara ya Sita, na kiwanja kile hakijatoka mikononi mwa Weusi mpaka leo.

Swali la mwisho, ambalo huulizwa sana na wale wanaofikiria masomo: je, Mwafrika wa huku kwetu aliwahi kupata kitu kule? Kwame Nkrumah alisoma Chuo Kikuu cha Lincoln, nje ya Philadelphia, akahitimu mwaka 1939, kisha akaendelea katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilicho mjini. Siku za Jumapili alihubiri katika makanisa ya Weusi. Kabla yake Nnamdi Azikiwe wa Nigeria alipitia Lincoln hiyo hiyo. Makanisa yale, na majumba ya watu aliokula nao, ndiyo yaliyotoka katika kazi ya akina Allen.

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa kwamba yule kijana wa kidato cha pili, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto, amekuja leo na yumo humu bwaloni. Muda wa maswali ukifika, naomba apewe nafasi ya kwanza. Safari hii, asiponielewa, asikae chini.