Damu Isiyoonekana: Upungufu wa Damu na Kutokwa Damu Njia ya Haja Kubwa kwa Wazee



Mzee akisema anachoka upesi, anapata kizunguzungu akiinuka na pumzi zinamwishia kwenye kilima kidogo, jibu huwa tayari: umri huo. Akisema anaona damu aendapo haja kubwa, jibu nalo lipo: bawasiri hiyo. Hoja yangu leo ni kwamba majibu haya mawili hufunga uchunguzi kabla haujaanza.

Kwa kawaida tunasema mwanamume ana upungufu wa damu himoglobini ikiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, na mwanamke asiye mjamzito ikiwa chini ya 12. Uzee peke yake hautoshi kueleza kwa nini mtu ameshuka chini ya hapo. Figo zikidhoofika au lishe ikipungua, damu hupungua pia. Lakini kipimo kikionyesha kuwa kilichokwisha ni madini ya chuma, swali la kwanza liwe: damu inavujia wapi?

Tupige hesabu. Mililita 1 ya damu hubeba takriban nusu miligramu ya chuma, na mwili hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku kutoka kwenye chakula. Anayevuja mililita 5, kijiko kimoja cha chai, hupoteza miligramu 2.5 kila siku. Kiasi hicho kikitoka tumboni huchanganyika na kinyesi wala jicho halikioni. Ili choo kiwe cheusi chenye kunata, damu inayotoka tumboni hufika mililita 50 au zaidi. Kwa hiyo mzee anaweza kuishiwa damu pasipo kuona hata tone.

Vyanzo ni vingi. Kuna vidonda vya tumbo, vinavyoletwa na bakteria au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, ambazo wazee wetu hununua dukani kwa ajili ya magoti. Kuna minyoo ya safura, na kandokando ya Ziwa Victoria kuna kichocho cha tumbo. Kwenye utumbo mpana kuna vifuko vya ukutani vinavyoweza kumwaga damu nyingi ghafla bila maumivu, na vishipa dhaifu vinavyovuja kidogo kidogo. Mwaka 1958 daktari Mmarekani, Edward Heyde, alieleza kuwa baadhi ya wazee wenye vali ya moyo iliyobana hutokwa damu tumboni. Siku hizi tunajua vishipa hivyo vinahusika.

Kisha kuna saratani. Ikiwa upande wa kushoto wa utumbo mpana, damu huonekana na choo hubadilika. Ikiwa kulia, mara nyingi dalili ya kwanza ni upungufu wa damu tu. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, alisema ugonjwa huu ni nadra kwa Waafrika wa vijijini wanaokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Unadra huo usigeuke kuwa sababu ya kutoutafuta leo.

Bawasiri ni ya kawaida, na ndiyo hatari yake: mtu mmoja anaweza kuwa na bawasiri na saratani pia. Kumpa mzee vidonge vya chuma bila kutafuta chanzo ni kujaza mtungi uliotoboka. Tena vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi, vikachanganya dalili.

Basi madaktari tuulize dawa zote anazotumia mgonjwa, tumpime kwa kidole, tupime choo, na inapohitajika tuingize kamera tumboni na kwenye utumbo mpana. Nanyi wana na wajukuu, mzee akitokwa damu nyingi, akizimia au akipata choo cheusi, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Aibu ya kuulizana habari za chooni ni ndogo kuliko gharama ya kuchelewa.