Michezo ya Vidio na Tamaa ya Nishani

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja katika mkutano wetu wa mwaka, hapa Kigoma. Tunaichapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika, na hasa kwa wanafunzi walioko shuleni sasa. – Mhariri)



Kamati iliponiandikia kuniomba niseme machache, iliniachia nichague mada mwenyewe. Najua wapo waliotazamia nizungumze juu ya michikichi au bei ya dagaa. Nimechagua michezo ya vidio. Wazee wangu naomba mnivumilie. Mimi si bingwa wa michezo hiyo. Ni mchezaji wa jioni, baada ya kazi na baada ya chakula, na sijawahi kupata kikombe ambacho mtu angeweza kukiweka kabatini. Lakini katika ajenda ya leo kuna pendekezo kwamba chama chetu kianze kutoa zawadi za fedha kwa wanafunzi watatu wa kwanza katika kila darasa, na zawadi hizo zitangazwe tangu mwanzo wa mwaka. Naamini michezo hii ina jambo la kutufundisha kabla hatujanyoosha mikono.

Michezo ya vidio ilichelewa kutufikia. Mwaka 1974 serikali yetu ilizuia uingizaji wa kompyuta na televisheni, kwa ajili ya kulinda fedha za kigeni. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka hiyo ya 1970, lakini huku Bara vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa hiyo Wajapani walipokuwa wakipanga foleni kucheza Space Invaders mwaka 1978, na Pac-Man mwaka 1980, kaka zetu waliokuwa hapa shuleni walikuwa na drafti ya vizibo vya soda, bao, na mpira wa matambara. Sisemi kwamba walipungukiwa. Nasema tu kwamba sisi tuliingia katika mchezo huu wakati wenzetu wameshauchosha.

Rika langu tuliuanzia kwenye simu. Nokia walikuwa wameweka mchezo wa nyoka katika simu zao tangu mwaka 1997, na simu ya 3310 ilipotoka mwaka 2000 nyoka huyo aliingia mifukoni mwa watu wengi. Simu moja ilizunguka kwa watu kumi, na kila mmoja alitaka kuona alama zake zimebaki juu. Baadaye vikaja vibanda vya gemu Mwanga na Ujiji: PlayStation mbili, televisheni mbili, mabenchi, na pazia la kanga mlangoni ili jua lisiingie. Ulilipia kwa mechi. Sheria ilikuwa moja, nayo haikuandikwa popote: anayefungwa anatoka, mshindi anabaki. Umeme wa Kigoma siku zile ulitoka kwenye mashine za dizeli, na ulipokatika katikati ya mechi kila kitu kilipotea, kwa kuwa kadi ya kutunzia kumbukumbu ilikuwa kitu cha anasa. Ungeweza kushinda ligi nzima ya Italia kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, na saa kumi na moja na dakika moja usiwe na ushahidi wowote isipokuwa maneno ya wenzako.

Na maneno ya wenzako yalitosha. Kesho yake sokoni mtu alikuita kwa jina la timu yako. Hilo ndilo nataka mlishike, kwa sababu mambo yaliyofuata yalikuwa tofauti.

Desturi ya kumpa mchezaji nishani ni ya zamani kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Activision ya Marekani iliwaambia wateja wake kwamba atakayefikisha alama fulani aipige picha televisheni yake na kuituma kwa posta. Katika mchezo wa Pitfall! wa mwaka 1982 alama hizo zilikuwa 20,000. Kampuni ilimrudishia kitambaa cha kushona kwenye nguo. Mwaka 2005 Microsoft walipotoa mashine ya Xbox 360, nishani ziliingizwa ndani ya mashine yenyewe, na kila moja ikawa na alama zake zinazojumlishwa katika jina la mchezaji. Mwaka 2008 Sony nao wakaleta vikombe vya shaba, fedha na dhahabu, na kile cha platini kwa aliyekusanya vyote. Leo hata mchezo wa kupanga matunda kwenye simu unakupigia kengele na kukupongeza kila baada ya dakika tatu.

Si ubaya mtupu. Nishani nzuri hukuonyesha mlango ambao usingeufungua. Nimewahi kupita njia ngumu katika mchezo kwa sababu tu nishani iliniambia inapitika, na nilifurahi. Lakini nitawapa mfano wa upande wa pili.

Nina mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, mwenye akili nzuri. Alikuwa akikifuata kikombe cha platini katika mchezo wa mbio za magari. Vikombe vyote vidogo alikuwa navyo isipokuwa kimoja, ambacho kilidai mchezaji aendeshe maelfu ya kilomita. Usiku mmoja alichukua mipira ya kufungia noti, akaifunga kwenye pedi ili gari lijiendeshe lenyewe likizunguka uwanja wa duara, naye akalala. Asubuhi uniti za LUKU zilikuwa zimekwisha na dada yangu alikuwa amewaka moto. Nikamwuliza, "Mjomba, sasa hapo nani alikuwa anacheza?" Akanijibu bila kusita, "Hakuna aliyekuwa anacheza, anko, lakini kikombe kimeingia."

Ndugu zangu, jibu lile nimelifikiri sana. Kijana hakudanganya, wala hakuvunja sheria ya mchezo. Alifanya kile alichoahidiwa malipo. Mchezo uliahidi kulipa kilomita, naye akaleta kilomita. Furaha ya kuendesha haikuwamo katika hesabu, kwa hiyo akaiacha nje.

Sisi wa ziwa hili tunaelewa. Usiku wa giza, mtu akisimama Katonga au Kibirizi anaona taa za wavuvi zimejipanga majini kama mji mwingine. Taa inamvuta dagaa, na dagaa anaifuata kwa moyo wake wote. Mwezi ukiwa mpevu taa hupoteza nguvu, na wavuvi hupumzika. Nishani nyingi za michezo ya leo ni taa za namna hiyo. Aliyeziwasha anataka ukae, ucheze zaidi, na hatimaye ununue. Kuifuata taa si dhambi, ila ni vizuri kujua ni nani anayeishika, na kama ana wavu.

Nizungumze na wanafunzi waziwazi hapa. Zipo mashine za kutumbukiza sarafu zilizowekwa madukani, na zipo kamari za simu. Hizi zimeazima rangi, kengele na pongezi za michezo ya vidio, lakini si michezo ya ustadi hata kidogo. Katika mchezo wa nyoka ukifanya mazoezi unakuwa hodari. Katika mashine ya sarafu ukifanya mazoezi unakuwa maskini. Tangu mwaka 2003 tuna sheria na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Mtu mzima anayemwachia mtoto wa sare acheze anajua anachofanya.

Sasa nirudi kwenye pendekezo letu. Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walitoa taarifa ya jaribio walilofanya katika shule ya watoto wadogo huko Stanford, California. Waliwachagua watoto waliopenda kuchora. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe endapo wangechora. Kundi la pili lilichora bila ahadi, kisha likapewa cheti kilekile kwa ghafla. Kundi la tatu halikuahidiwa wala kupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili kalamu zikawekwa mezani bila neno lolote. Watoto walioahidiwa cheti walichora kwa muda mfupi sana kuliko wenzao, karibu nusu yake. Waliopewa kwa ghafla hawakupungukiwa na hamu. Kwa hiyo kosa halikuwa cheti. Ahadi iliyotangulia ndiyo iliyougeuza mchezo kuwa kibarua, na kibarua bila malipo hakifanywi.

Nadhani hata wenye mitihani ya taifa wameliona jambo la jirani na hili. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, yaliyotangazwa Januari 2023, yalitoka bila ile orodha ya shule kumi bora na watahiniwa kumi bora tuliyoizoea. Itakuwa ajabu sisi wa Kigoma tuanzishe orodha ndogo ya watatu bora wakati ile kubwa imeondolewa.

Tena tuna mfano wetu wa nyumbani. Nendeni Ujiji jioni, chini ya miembe, mtazame bao. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete kumi zilizopangwa ubaoni na 22 mkononi, na kabla kete za mkononi hazijakwisha fundi ameshaona mwisho wa mchezo. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao. Hakuna anayeandika alama wala anayegawa cheti. Lakini muulizeni mzee yeyote pale ni nani fundi, atawatajia, na atawaeleza pia alifungwa na nani, lini, na kwa kete ipi. Na yule kijana anayefungwa kila siku harudi nyumbani kununa. Anakaa pembeni anatazama, kwa maana pale pembeni ndipo bao linapofundishwa. Nishani ya mashine haina pembeni. Inamtaja mshindi tu.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, sipingi chama kutoa fedha. Naomba zitoke kwa njia nyingine. Kwanza, sehemu kubwa inunue vitabu na vifaa vya maabara, ambavyo wa kwanza na wa arobaini watavishika sawasawa. Pili, tuwe na fungu dogo mikononi mwa walimu la kumtuza mwanafunzi aliyefanya jambo jema, kama vile aliyemfundisha mwenzake hesabu mpaka akaelewa. Fungu hilo lisitangazwe mapema, wala lisiwe na tarehe. Tatu, Jumamosi mchana pawe na chumba cha michezo shuleni chenye mbao za bao, drafti, na kompyuta mbili, na mwalimu wa zamu. Sheria iwe ile ya kibandani: anayefungwa anampisha mwenzake. Afadhali vijana wachezee hapa kuliko kwenye mashine za sarafu.

Na ninyi wanafunzi, chezeni. Mtu atakayewaambia kucheza ni uvivu mumsikilize kwa heshima, kisha mjiulize neno moja tu kila mnapoishika pedi au kalamu: je, kama leo hakuna atakayehesabu, bado ningependa kufanya hili? Jibu likiwa ndiyo, endeleeni, nishani itawakuta njiani. Jibu likiwa hapana, wekeni chini mkapumzike, kwa maana hata wavuvi hupumzika mwezi ukiwaka.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.