Kalamu ya Kujitegemea Mkoani: Mwandishi wa Bariadi na Soko la Magazeti ya Kiswahili



Uchunguzi wa Kiswahili cha magazeti kwa kawaida huanzia katika chumba cha habari cha Dar es Salaam, kwa wahariri na miongozo yao ya uandishi. Mhadhara huu unaanzia Bariadi, kwa mtu ambaye gazeti halimpi mshahara bali humlipa kwa kila habari iliyochapishwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba namna mwandishi huyo anavyolipwa huathiri lugha anayoiandika. Aidha, anayetaka kuishi kwa kalamu huko hana budi kuuza kitu ambacho mhariri wa mjini hawezi kukipata kwa simu, yaani ujuzi wa lugha ya watu na wa mahali wanapoishi.

Mwandishi wa namna hii ana historia ndefu. Gazeti la Kiongozi, lililochapwa Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, lilitegemea barua za watu wa bara, na Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliendelea na desturi hiyo. Wengi wa waandishi hao walikuwa walimu na makarani. Walikuwa na ajira, na kalamu haikuwa chakula chao. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa na wanaosifu uzuri wa Kiswahili cha zamani.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Busega ilitokana na Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, na Itilima ilitokana na Bariadi. Bariadi ilipofanywa makao makuu ya mkoa, ziliongezeka ofisi, ziara na vikao, na kwa mwandishi hilo ni jambo la kiuchumi. Mwishoni mwa mwezi huhesabu habari zake zilizotoka. Isiyotoka haina malipo, na nauli aliyoitumia kuifuata imekwenda. Ziara ya kiongozi ina gari na wakati mwingine posho, na habari yake hupatikana asubuhi na kutumwa mchana. Kumfuata mkulima mmoja wa pamba katika kijiji cha Itilima hugharimu siku nzima, na malipo huenda yakawa yale yale.

Matokeo yake yanaonekana katika sarufi. Sentensi huanza na cheo, hufuatwa na jina, kisha kitenzi cha kauli: amesema, amebainisha, amesisitiza, ametoa wito. Mkulima hutokea mwishoni kama mmoja wa “baadhi ya wananchi”, tena akishukuru. Walimu wa uandishi hulaumu uvivu, na lawama hiyo haina haki. Mwandishi amepiga hesabu sahihi, na mtindo umefuata hesabu.

Kuna kazi nyingine isiyolipwa kabisa, nayo ni tafsiri. Mzee wa Kinyantuzu hueleza hasara ya pamba kwa Kisukuma. Huko Meatu wapo pia Wataturu na Wahadzabe, ambao lugha zao si za Kibantu. Habari ikifika mezani kwa mhariri, kila mtu humo amesema Kiswahili sanifu. Hakuna anayeuliza ni nani aliyefanya kazi hiyo, wala ni nini kilichopotea njiani.

Neno ngitili linafaa kuwa mfano. Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi, Maswa na Meatu zingali za mkoa huo, uliufufua utaratibu huo, na neno likaachwa lilivyo. Leo limo katika taarifa za misitu na hata katika maandishi ya kitaalamu ya Kiingereza. Maneno michembe na matobolwa hayana bahati hiyo kila mara. Ni rahisi kuyafuta yote mawili na kuandika “viazi vilivyokaushwa”, ilhali michembe hukaushwa vibichi na matobolwa huchemshwa kwanza. Katika habari ya njaa tofauti hiyo si ndogo, kwani kuchemsha kunadai kuni na maji.

Basi soko liko wapi? Liko zaidi katika makala kuliko katika habari ya siku. Mkataba wa Bern, ambao Tanzania ni mwanachama wake tangu 1994, hauzipi habari za siku ulinzi wa hakimiliki. Makala iliyobuniwa na kupangwa na mwandishi ni kazi yenye ulinzi. Magazeti kama Mwananchi, Nipashe na HabariLeo huhitaji makala za kilimo, biashara na jamii. The EastAfrican la Nairobi, lililoanza mwaka 1994, huandikwa kwa Kiingereza, na idhaa za Kiswahili za BBC, tangu 1957, na Deutsche Welle, tangu 1963, zimezoea kutumia sauti za mikoani. Mahojiano yale yale ya Kisukuma yaweza kuzaa makala mbili tofauti katika lugha mbili. Kuuza matini ile ile mara mbili bila kusema ni jambo jingine, na humfungia mtu milango.

Mhariri hapelekewi ombi la kazi, hupelekewa pendekezo. Aya moja yatosha: jambo gani limetokea, nani watahojiwa, kwa nini lichapishwe sasa, makala itakuwa na maneno mangapi, na kama ina picha. Wakati ni muhimu. Anayetaka kuandika juu ya bei ya pamba apeleke pendekezo kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa, ambao kwa kawaida huwa karibu na Mei. Habari za tembo kuingia mashambani, katika vijiji vinavyopakana na Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, huchoka upesi zikiwa taarifa za tukio. Zikiwa simulizi ya shamba moja kwa mwaka mzima hudumu.

Mapatano yafanywe kwa maandishi kabla ya safari: kiasi cha malipo, siku ya kulipwa, nauli, na kitakachotokea makala ikiagizwa kisha isitoke. Jina nalo lipatanwe. Habari iliyotoka “Na Mwandishi Wetu, Bariadi” ni shida kuidai mwisho wa mwezi, na mhariri mwingine hawezi kuonyeshwa kuwa ushahidi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka pia Bodi ya Ithibati na kitambulisho cha mwandishi, hivyo mhitimu wa Kiswahili ahakikishe hadhi yake kisheria kabla ya kwenda kuhoji.

Limebaki jambo la tahajia, ambalo wanaisimu hulipenda na wahariri hulidharau. Makao makuu ya Meatu ni Mwanhuzi. Herufi h humo si pambo: Kisukuma kina nazali zisizo ghuna, nayo nh ni mojawapo. Anayeandika “Mwanuzi” amemwambia msomaji wa Meatu kwamba hakufika. Anayeisikia sauti hiyo na kuiandika ana bidhaa, na bidhaa hiyo iwekwe katika pendekezo pamoja na nauli: saa za kusikiliza, za kunukuu na za kutafsiri mahojiano ya Kisukuma zihesabiwe na kuandikwa, kwa maana mhariri asiyeziona kwenye karatasi hatazikadiria.